Kutoka Mutarule hadi kwenye wingu: kompyuta zinajiwasha zenyewe, ufunguo uko mbali

Mutarule ni kijiji cha barabarani. Kiko kwenye uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5. Burundi iko ng'ambo ya mto. Wafuatiliaji wengi wa habari za Kivu Kusini walilijua jina hilo kwa sababu ya usiku wa Juni 6, 2014, ambapo zaidi ya watu 30 waliuawa. Si jina ambalo mtu angetarajia kulikuta kwenye habari ya kompyuta.

Lakini mkazi wa vijiji hivi akiugua mpox, majimaji yanayochukuliwa kwenye kipele chake yanaweza kuanza safari ndefu, kwa pikipiki, kwa gari, pengine kwa ndege, hadi kwenye maabara ya kusoma vinasaba. Kutoka hapo, herufi za kirusi kilichopatikana hupita kwenye intaneti na kuishia kwenye kompyuta iliyo mbali, ambayo hakuna mtu aliyeiwasha kwa mkono. Kompyuta hiyo hujiwasha yenyewe, hufanya hesabu, huandika jibu na kujizima.

Katika safari yote hiyo, hesabu ndiyo hatua ambayo teknolojia imeifupisha sana. Kazi ambayo ingeilemea kompyuta ya ofisi kwa siku kadhaa sasa inaweza kwisha kwa saa chache. Swali linalobaki kwa wakazi wa Uvira na uwanda wa Ruzizi ni iwapo kasi hiyo inawafikia, na nani anashika ufunguo wa mashine hizo.

Mlipuko ulioandikwa kwa herufi

Mwaka 2023, mwezi Septemba, ugonjwa wa mpox ulianza kuenea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini. Kati ya mwezi huo na Januari 2024, watu 241 walishukiwa kuugua katika eneo la afya la Kamituga, na 108 kati yao walithibitishwa na maabara.

Wanasayansi waliposoma vinasaba vya virusi hivyo waligundua mambo mawili. Kwanza, lilikuwa tawi jipya, ambalo baadaye lilipewa jina Ib. Lilikuwa na alama zinazojitokeza virusi vinapoendelea kupita kutoka mtu hadi mtu, badala ya kutoka kwa mnyama kila mara. Pili, kipande cha jenomu ya tawi hilo kilikuwa kimepotea, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikilengwa na mojawapo ya vipimo vya kutambua mpox ya kundi la kwanza. Yaani kipimo kingeweza kumpitia mgonjwa bila kuona kundi la virusi alivyo navyo.

Ugonjwa haukubaki machimboni. Ulifika Uvira, ukavuka kwenda Burundi, kisha Rwanda, Uganda na Kenya. Agosti 13, 2024, Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, Africa CDC, kilitangaza dharura ya afya barani. Siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza dharura ya kimataifa, ambayo liliiondoa Septemba 5, 2025.

Jenomu ya kirusi cha mpox ina herufi takriban 197,000. Kila kirusi kinapojinakili, mara moja moja herufi hubadilika, kama mtu anayenakili barua ndefu kwa mkono na kukosea neno hapa na pale. Wagonjwa wawili wenye makosa yaleyale yumkini wako kwenye mnyororo mmoja wa maambukizi. Wenye makosa tofauti wanatoka kwenye minyororo tofauti. Kompyuta ikilinganisha jenomu zote inachora mti wa ukoo, na mti huo unaweza kuonyesha iwapo mgonjwa wa Uvira ameambukizwa kutoka mlolongo wa Kamituga, kutoka Bujumbura au kutoka mahali pengine.

Somo lililotoka Kivu Kaskazini

Mashariki mwa Congo iliwahi kuona faida ya kazi hiyo kabla ya mpox. Ni wakati wa mlipuko wa kumi wa Ebola, uliotangazwa Agosti 1, 2018 huko Kivu Kaskazini na kuenea Ituri, na ambao Agosti 2019 ulifika Mwenga, Kivu Kusini. Hadi ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Baiolojia, INRB, yenye makao Kinshasa, iliamua kusoma vinasaba ndani ya nchi na wakati mlipuko ukiendelea, badala ya kusubiri majibu ya maabara za ng'ambo. Ilitoa jenomu mpya 744. Zikijumlishwa na 48 zilizokuwapo, zikawa 792, karibu asilimia 24 ya maambukizi yote yaliyothibitishwa na maabara katika kipindi hicho. Majibu yalipelekwa kwa timu zilizokuwa zikifuatilia wagonjwa vijijini.

Kisa kimoja kilichochapishwa mwaka 2021 kinaonyesha uzito wa kazi hiyo. Mgonjwa aliyekuwa amechanjwa aliugua Ebola, akatibiwa na kupona. Miezi sita baadaye aliugua tena na kufariki. Kwa kuangalia dalili peke yake mtu angesema ameambukizwa upya. Jenomu zilionyesha kuwa ni ugonjwa uleule uliorudi mwilini mwake, na kwamba kutoka kwake ulianza mnyororo wa wagonjwa 91 katika maeneo sita ya afya kwa muda wa miezi minne. Bila mti wa ukoo, wachunguzi wangeendelea kumtafuta mtu aliyemwambukiza, ilhali hakuwapo.

Hesabu za Ebola hazikuhitaji mashine kubwa. Jenomu yake ina herufi takriban 19,000, na jenomu 792 ni mzigo ambao kompyuta ndogo nzuri inaubeba. Kilichobadilisha mambo ni Covid-19. Hifadhi ya GISAID, ambako maabara za dunia ziliweka jenomu za kirusi hicho, ilipita jenomu milioni moja mwaka 2021 na milioni 10 mwaka uliofuata. Hapo kompyuta ya mezani ilishindwa, na kazi ikahamia kwenye wingu.

Mashine ya kusaga inayojiwasha

Wingu si kitu kilicho angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, ambazo kampuni kama Amazon, Google na Microsoft hukodisha kwa saa au hata kwa sekunde. Unalipia ulichotumia, kama umeme wa kulipia kabla.

Ndani ya wingu kuna aina ya kazi ambazo wataalamu huzifanya kwa mafungu. Ili kuelewa, fikiria mashine ya kusaga mihogo kwenye kijiji chochote cha uwanda wa Ruzizi. Mwenye mashine hawashi injini kwa ajili ya kopo moja la mihogo mikavu, maana mafuta yataisha bure. Watu huleta magunia, yanapangwa foleni, kila gunia na jina lake. Yakitosha, injini inawashwa, yanasagwa moja baada ya jingine, kisha injini inazimwa. Mwenye gunia halazimiki kusimama hapo. Anaweza kwenda shambani na kurudi jioni kuchukua unga.

Huduma kama AWS Batch ya Amazon, iliyoanza kutumika kati ya mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, inafanya hivyo kwa hesabu. Ina sehemu nne. Kuna kazi yenyewe, yaani gunia. Kuna maelezo ya kazi: itumie programu gani, kumbukumbu kiasi gani, prosesa ngapi. Kuna foleni. Na kuna mazingira ya kompyuta, yaani kundi la mashine zitakazofanya kazi hiyo, ambalo ndilo injini.

Tofauti na kijijini ni kwamba hapa injini inaweza kukua na kupungua. Kazi zikiwa tano, mazingira hukodi mashine chache. Zikiwa mia tano, hukodi nyingi kwa wakati mmoja. Zikiisha, mashine zinarudishwa. Anayeandaa mazingira huweka namba mbili muhimu, kiwango cha chini na kiwango cha juu cha prosesa. Kiwango cha chini kikiwa sifuri, siku isiyo na kazi hakuna prosesa inayolipiwa.

Kwa maabara inayopata sampuli kwa mawimbi, leo nyingi, mwezi ujao hakuna, mpangilio huo una maana kubwa. Kununua seva ya maelfu ya dola ili ikae bila kazi miezi minane kwa mwaka, huku ikihitaji kiyoyozi na jenereta, ni mzigo mzito katika eneo ambalo umeme hukatika.

Kutoka mkono wa mtu hadi kwenye ratiba

Mwanzoni mazingira hayo yalitunzwa kwa mkono. Mtaalamu alifungua ukurasa wa kampuni, akabonyeza hapa na pale, akachagua aina ya mashine, akaandika ukomo. Kazi ilikwenda vizuri hadi alipoondoka kazini, au hadi mfumo wa uendeshaji wa mashine ulipozeeka. Kwenye AWS Batch, hadi mwaka 2022, kubadilisha baadhi ya vitu vya msingi kulimaanisha kujenga mazingira mapya, kuyaunganisha na foleni, kisha kuyabomoa ya zamani. Katikati ya mlipuko, hiyo ni kazi ya kumkosesha mtu usingizi.

Njia inayotumika sasa ni kuyaandika mazingira yote kama maandishi ya programu. Zana kama Terraform husoma faili linalosema mazingira yawe na mashine za aina hii, ukomo huu, foleni hii na ruhusa hizi, kisha hujenga kila kitu bila mtu kubonyeza. Faili hilo linahifadhiwa na linaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Mazingira yakiharibika, yanajengwa upya kwa amri moja. Mtaalamu akihama, mwenzake anasoma faili na kuendelea.

Hatua ya pili ni kuondoa mkono hata kwenye kuanzisha kazi. Mfano unaogusa ukanda huu moja kwa moja ni Nextstrain, mradi wa wazi ulioanzishwa na Trevor Bedford wa Kituo cha Fred Hutch mjini Seattle na Richard Neher wa Chuo Kikuu cha Basel. Ndio uliotumika pamoja na INRB kuonyesha mti wa Ebola ya Kivu Kaskazini, na leo una kurasa za wazi zinazoonyesha mti wa mpox, pamoja na tawi Ib.

Kazi ya mpox kwenye Nextstrain huanza kwa ratiba. Programu hutazama hifadhi za umma ili kuona kama kuna jenomu mpya. Isipokuta, inaishia hapo. Ikikuta, inasafisha data na kutuma kazi kwenye foleni ya wingu. Mashine zinakodiwa, jenomu zinalinganishwa, mti unachorwa upya, matokeo yanawekwa kwenye tovuti na mashine zinarudishwa. Daktari aliye Uvira, mwenye simu na mega za kutosha, anaweza kufungua mti huo huo anaouona mtaalamu aliye Geneva.

Programu ya Nextstrain ina jambo jingine linalofaa kwa mazingira ya Congo. Mtumiaji anaweza kutuma kazi kwenye wingu, kujitenga nayo na kufunga kompyuta yake, kisha kurudi baadaye kuchukua majibu. Umeme ukikatika Uvira dakika kumi baada ya kazi kutumwa, hesabu hazisimami.

Kinachoharibika kikiachwa peke yake

Mashine inayojiendesha haikosi hatari. Ya kwanza ni bili. Mashine inayokodiwa kwa dola moja kwa saa, ikisahaulika ikiwaka mwezi mzima, italeta bili ya takriban dola 720. Zikiwa kumi, ni dola 7,200, kwa kazi ambayo haikufanyika. Kwa sababu hiyo kiwango cha juu cha prosesa si cha kuachwa hivihivi. Ndicho breki. Watunzaji makini huweka pia ukomo wa muda kwa kila kazi na taarifa ya barua pepe matumizi yanapofikia kiasi fulani.

Ya pili ni kurudia kosa. Kazi ikishindwa, mfumo unaweza kuijaribu tena, na AWS Batch inaruhusu hadi majaribio 10. Ikiwa imeshindwa kwa sababu mashine ilichukuliwa katikati, kurudia kunasaidia. Ikiwa faili la jenomu ni bovu, kurudia mara kumi ni kulipia kosa moja mara kumi. Mpangilio mzuri hutofautisha sababu hizo mbili.

Kuchukuliwa kwa mashine si jambo la ajabu. Kampuni huuza kwa bei nafuu nafasi ambazo hazina mteja. Amazon husema punguzo linaweza kufikia asilimia 90. Sharti lake ni kwamba mteja mwingine akija, unapewa taarifa ya dakika mbili, kisha mashine inaondoka. Kwa kazi za mafungu zilizogawanywa vipande vidogo, hilo linavumilika. Kwa kazi moja ndefu isiyohifadhi hatua zake, ni hasara.

Ya tatu ni ukimya. Kazi inaweza kukaa kwenye foleni ikionyesha kuwa iko tayari, na isianze kwa saa nyingi, kwa sababu imeomba kumbukumbu kubwa kuliko mashine yoyote iliyoruhusiwa. Hakuna kosa linaloandikwa, na aliye mbali anadhani hesabu zinaendelea. Ni kama gunia lisilopita kwenye mdomo wa mashine ya kusaga, nalo liko mbele ya foleni. Siku hizi foleni inaweza kuagizwa kufuta kazi iliyokwama hivyo baada ya muda fulani, ila lazima mtu awe ameiagiza.

Ya nne ni funguo. Programu inayotuma kazi usiku bila mtu inahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo ikiandikwa ndani ya faili la wazi, yeyote anaweza kuichukua na kukodi mashine kwa jina lako. Kanuni ni kuipa programu ruhusa ndogo kabisa inayotosha kazi yake, na kwa muda mfupi.

Barabara haina programu

Hata mazingira yaliyopangwa vizuri hayawezi kuhesabu sampuli ambayo haijafika. Na hapo ndipo Mutarule inaporudi kwenye hadithi.

Sampuli inahitaji mhudumu wa afya aliyefunzwa kuichukua, kifaa cha kuihifadhi, baridi, na usafiri. Barabara ya uwanda wa Ruzizi imepita miaka mingi ya vizuizi vya makundi yenye silaha na mvua zinazokata njia. Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na Februari ukafuata Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Desemba mwaka huohuo vita vilifika hadi mji wa Uvira, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi.

Goma ndiko iliko maabara kubwa ya INRB upande wa mashariki. Wakati wa mapigano ya Januari 2025, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilionya hadharani kuwa kukatika kwa umeme kungeweza kuathiri sampuli zilizohifadhiwa humo, zikiwamo za Ebola. Hakuna mazingira ya wingu yanayoweza kuchukua nafasi ya friji.

Mwezi huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, hatua iliyotikisa miradi ya afya katika nchi nyingi za Afrika, Congo ikiwamo. Fedha za namna hiyo ndizo aghalabu hulipia mafuta ya gari, posho ya msafirishaji na vitendanishi vya maabara. Ni gharama ndogo zisizovutia macho, lakini zikikosekana, foleni ya wingu inabaki tupu na kiwango cha prosesa kinabaki sifuri.

Mtandao nao una sehemu yake. Mashine za kusoma vinasaba hutoa mafaili makubwa, na kuyapandisha kwa mtandao wa simu ni gharama na subira. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Congo iliipa Starlink leseni, baada ya kuizuia mwaka 2024. Kwa maabara za mbali hiyo ni njia ya ziada, ingawa inahitaji vifaa, malipo ya kila mwezi na umeme.

Pale hatua zote zinapokwenda, tofauti inaonekana. Congo ilipotangaza mlipuko mwingine wa Ebola huko Bulape, mkoani Kasai, Septemba 4, 2025, INRB ilikuwa imekwisha kusoma jenomu ya kirusi na kubaini kuwa kilitoka upya kwa mnyama, bila uhusiano wa moja kwa moja na milipuko ya zamani ya eneo hilo. Mlipuko ulitangazwa kwisha Desemba 1.

Nani anashika ufunguo

Linabaki suala la umiliki. Akaunti ya wingu inafunguliwa kwa kadi ya benki na jina la taasisi. Mara nyingi mwenye kadi ni mshirika wa ng'ambo: chuo kikuu, mfuko wa hisani au shirika la misaada. Mradi ukiisha, akaunti inaweza kufungwa. Mafaili ya mpangilio, historia ya kazi na hata data huondoka na mwenye kadi, isipokuwa kuwe na makubaliano ya mapema.

Mahali zilipo mashine pia ni suala la siasa. Amazon ina kituo kamili kimoja tu barani Afrika, cha Cape Town, kilichofunguliwa Aprili 2020. Microsoft ina vituo Afrika Kusini tangu 2019, na Google ilifungua chake Johannesburg mwaka 2024. Hakuna kilicho karibu na Ziwa Tanganyika. Data ya mgonjwa wa Uvira, ikienda kwenye wingu, inakwenda nje ya nchi.

Congo ina sheria ya kidijitali ya Machi 13, 2023, inayogusa pia ulinzi wa data binafsi. Kwa kazi ya vinasaba, kinga ya kwanza ni rahisi kuliko sheria: jina, simu na kijiji cha mgonjwa havipaswi kwenda kwenye wingu hata kidogo. Kinachohitajika ni namba ya sampuli, tarehe na eneo pana. Katika kijiji ambacho wagonjwa ni wawili, kuandika jina la kijiji kwenye mti wa wazi ni sawa na kuandika majina yao. Na kwa ugonjwa unaopita pia kwa kujamiiana, hilo linaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu nyumbani.

Afrika imeanza kujipanga. Oktoba 2020 Africa CDC ilizindua mpango wa vinasaba vya vimelea wenye thamani ya dola milioni 100, kwa ushirikiano na wafadhili na kampuni, Microsoft ikiwa mmoja wao. Maabara nyingi zimepata mashine za kusoma vinasaba. Kazi ngumu zaidi ni kupata watu wa kuendesha hesabu, kuwalipa na kuwafanya wabaki.

Habari njema ni kwamba zana zenyewe hazifungi mtu kwa kampuni moja. Programu kama Snakemake, inayotumiwa na Nextstrain, na Nextflow, huandika hatua za hesabu bila kujali mashine itakuwa ipi. Mpangilio uleule unaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo Uvira, kwenye seva ya chuo kikuu Bukavu, au kwenye wingu, kwa kubadilisha mstari mmoja au miwili. Mlipuko ukiwa mdogo, kompyuta ndogo inatosha. Ukipanuka, kazi ileile inapelekwa kwenye foleni ya mbali. Siku akaunti ya mfadhili ikifungwa, maarifa hayafungwi nayo.

Kwa hiyo, mradi wa vinasaba unapoletwa Kivu Kusini, kuna maswali ambayo viongozi wa afya wa mkoa wanaweza kuuliza kabla ya kutia saini, bila kuwa wataalamu wa kompyuta. Akaunti iko kwa jina la nani, na je, kuna Mkongomani mwenye ruhusa kamili ya kuiendesha? Mafaili ya mazingira yamehifadhiwa wapi, na taasisi ya nchi ina nakala? Ukomo wa matumizi ni dola ngapi kwa mwezi, na nani anapata taarifa ukikaribia? Mfadhili akiondoka, hesabu zitaendeshwa wapi wiki inayofuata? Na kabla ya yote hayo, nani anamlipa dereva wa pikipiki anayebeba sampuli kutoka vijiji vya Ruzizi?

Swali la mwisho ndilo la bei nafuu kuliko yote, na ndilo linaloamua kama foleni itapata kazi. Kompyuta za kukodi ziko tayari saa 24 na zinaweza kusubiri bila gharama hadi jenomu inayofuata ifike. Mgonjwa wa Mutarule hana muda wa kusubiri hivyo.